Mkono Niliouvunja

Kwa aliyepitwa na ya wiki iliyopita, nitamweleza upesi, maana hata mimi sipendi kuyarudia.

Mimi ni mlinzi. Nilikuwa nalinda mlango wa benki pamoja na mwenzangu ambaye kila mtu alimwita Pacha, kwa kuwa tulipangwa zamu moja miaka nenda miaka rudi. Majambazi walikuja asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni. Pacha alipigwa risasi akiwa karibu nami kiasi kwamba damu yake iliingia mdomoni mwangu. Tangu tulipomzika nikajifungia chumbani. Pazia limeshushwa, shuka kichwani, silali wala siko macho. Kazini walinipa likizo, majirani wakanipa pole, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Mwanangu naye, ambaye tangu akiwa mchanga namwita Bwana Mdogo ingawa sasa ana ndevu tatu kidevuni, akahamia kwenye gemu. Akitoka shule, gemu. Chakula kinapoa, gemu. Gemu lenyewe la vita, la kumiminiana risasi, hedifoni imembana masikio.

Niliishia pale nilipokuwa nimelala mchana, na milio ya risasi ikarindima sebuleni kwangu. Nikachukua rungu la kazi nyuma ya mlango. Nikatoka. Nikaona mtu amekaa kwenye kochi amenipa kisogo. Nikapiga.

Yule mtu aliinua mkono kujikinga. Nikausikia mfupa ukilia ko! kabla sijaiona sura yake.

Haya, tuendelee.

Mke wangu alifika hospitali na aproni yake mwilini. Ni mpishi wa kantini ya kiwanda, na siku hiyo alikimbia vile vile alivyokuwa, kisu cha kumenyea viazi kikiwa bado mfukoni.

"Nani amekuvunja?" akauliza kabla hata ya kuketi.

"Nimeanguka bafuni," alisema Bwana Mdogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko. Hakunitazama.

"Umeangukaje?"

"Sabuni."

"Sabuni gani? Wewe na kuoga mmepatana lini?"

Muuguzi aliyekuwa akikusanya mikasi alicheka. Mke wangu hakucheka. Alinigeukia taratibu, nikatamani sakafu inimeze.

"Na wewe Afande ulikuwa wapi?" Afande ndilo jina ninaloitwa na mtaa mzima, na yeye hulitumia akiwa na utani au akiwa na hasira. Siku hiyo hapakuwa na utani.

"Chumbani," nikasema.

"Si ndiyo. Chumbani."

Akamshika mtoto shavu, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi naiogopa kuliko kelele zake zote. "Mnanijua. Nimekulia nyumba ya kipigo. Mama yangu anatafuna upande mmoja mpaka leo kwa sababu ya ngumi za baba yangu. Nikigundua mkono huu una aliyeuvunja, na aliyeuvunja analala kwangu, namchukua mwanangu siku hiyo hiyo. Hatatuona tena. Naapa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mke wangu, ni mimi. Maneno manne tu. Badala yake nikatazama ndoo ya taka kana kwamba nimeitwa kuikagua. Mwanangu akanitazama mimi nikitazama ndoo.

Hilo nilililipia baadaye, mtaona.

Daktari wa mifupa aliniita pembeni, kwenye ujia. Kijana mwembamba, miwani, upole mwingi mpaka unakera. Akaiinua picha ya eksirei mbele ya dirisha.

"Mzee, tazama hapa. Mtu akianguka hujishikiza kwa kiganja, akavunjika huku chini karibu na kiungo. Mwanao amevunjika katikati, upande wa nje, mfupa mmoja tu. Hapa mara nyingi huvunjika mtu aliyeinua mkono kujikinga."

"Kujikinga na nini?"

"Mlinzi ni wewe. Niambie."

Nikamkaba. Sikupanga. Nilishtukia nimemkandamiza ukutani, kola yake mkononi, miwani imekaa upande. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akajisukuma kurudi alikotoka.

Daktari hakupigana. "Unalala?" akaniuliza, sauti ikipita kwa shida.

"Nini?"

"Usiku. Unapata usingizi?"

Vidole vyangu vikalegea vyenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nusura nimlilie yule kijana begani. Akarekebisha miwani.

"Jumatatu mje wote watatu. Tuna mshauri wa watu waliopatwa na kiwewe. Uje na ukweli, mzee. Usipokuja nao, nitawatuma watu wa ustawi wa jamii waufuate nyumbani kwako."

"Mimi si kichaa!"

"Sijasema kichaa. Nimesema njoo."

Tukarudi nyumbani. Mke wangu hakuvua hata viatu. Alichomoa nyaya za gemu moja baada ya nyingine, akalitia lile dude kwenye sanduku la bati chumbani kwetu, akafunga kwa kufuli.

"Macho yamekwisha kwenye hiki kitu mpaka sabuni huioni," akamwambia mtoto. Kisha akanitupia funguo. "Shika. Si wewe ni mlinzi? Linda."

Nikalinda. Nililala pembeni ya sanduku nikiwa na funguo mfukoni mwa pajama, huku Bwana Mdogo akizunguka sebuleni. Alizunguka kama mtu mwenye jino bovu. Hakula. Magoti yakawa yanamtetemeka akiketi. Akiitwa na mama yake hajibu, akiguswa anafoka. Mke wangu akasema ni ukaidi. Mimi nilijua si ukaidi, maana na mimi magoti yangu yalikuwa yanatetemeka vile vile chini ya shuka, ila nilikaa kimya. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa kazi yangu mpya.

Ikaja Jumamosi. Mke wangu akaenda kazini. Hata mlango wa nje haujatulia vizuri, mwanangu akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Funguo."

"Nenda kasome."

"Niandike kwa mkono upi?"

Akaupiga mlango teke, ukagonga ukuta. Akaenda jikoni, nikasikia sahani ya kwanza ikipasuka, na ya pili, na kitu kizito kilichofuata ambacho baadaye nilikuta ni sufuria la wali. Akarudi anahema, unyayo unatoka damu kwa kukanyaga vigae vya sahani. Hakuwa na habari nao.

"Nipe funguo, baba. Au mama akirudi namwambia."

Nikaketi kitandani. "Unamwambia nini?"

"Unajua."

"Mtoto wangu wa kumzaa ananitisha? Nani kakufundisha tabia hiyo?"

"Wewe. Pale hospitali, ulipokuwa unaangalia ndoo."

Nikainuka kumzaba kofi. Nakiri. Mkono mmoja nimemvunja, na bado niliinuka kumzaba kofi. Akaniwahi. Aliniingia na kichwa, paji la uso likatua juu ya pua yangu, nikaona nyota. Tukaanguka juu ya sanduku la bati kwa kishindo, tukabingirika chini. Aling'ata bega langu. Nikamshika nywele. Akanipiga mbavuni na ile plasta, mara nyingine, mara nyingine tena, akipiga yeye na kulia yeye kwa sababu kila pigo lilimuuma zaidi yeye kuliko mimi. Damu ya pua yangu ilikuwa inamchuruzikia shingoni.

Mwishowe nikamweka chini, goti langu kifuani mwake. Namna tulivyofundishwa kumtuliza mwizi.

Ndipo nikahisi mbavu zake chini ya goti. Jamani, mtoto alikuwa amekonda! Mifupa mitupu. Tangu lini? Nilikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yetu, na sikuwa na habari kwamba mwanangu anaisha.

Nikatoa goti. Nikatoa funguo.

Akalifungua sanduku kwa mkono wa kushoto, akalibeba lile dude kwapani, akachomeka nyaya kwa meno. Mimi nilisimama mlangoni na taulo puani. Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Rimoti ya gemu hutaka mikono miwili. Aliiweka mapajani, akajaribu kwa vidole vya kushoto peke yake, akafa humo kwenye gemu. Akajaribu kwa kidevu, akafa. Akaibana magotini, akafa tena, na safari hii akairusha ukutani, akaanza kuing'ata plasta yake kwenye ukingo akitaka kuitoa.

"Utaharibu mfupa!" nikapiga kelele.

"Basi njoo! Kaa hapa!" Alikuwa analia kamasi zinamtoka. "Wewe ndiye uliyeuvunja mkono wa kulia, wewe shika upande wa kulia!"

"Mimi?"

"Sasa nani? Daktari?"

Nikaiokota rimoti, nikakaa. Ningefanya nini? Tukabanana kwenye kochi, bega kwa bega, rimoti katikati yetu, yeye kidole gumba cha kushoto, mimi vidole vya kulia. Hedifoni moja haitoshi watu wawili, akaiweka kando, sauti ikatoka kwenye runinga, ndogo ndogo.

"Mimi natembea," akasema. "Wewe kitufe hiki cha juu. Usibonyeze mpaka niseme."

"Kinafanya nini?"

Akanitazama. "Kinapiga risasi, baba."

Kwenye kioo cha runinga palikuwa na mji uliobomoka, na bunduki imetangulia mbele kana kwamba tumeishika sisi. Akatembea. Akakata kona. "Sasa!" akasema. Nikabonyeza.

Sikumbuki kilichofuata. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa chini ya meza ya kahawa, mikono kichwani, nikinusa damu ya Pacha.

Bwana Mdogo hakucheka. Alisubiri. Kisha nikasikia sauti yake juu yangu, imetulia, ile sauti aliyokuwa nayo zamani kabla ya haya yote.

"Baba, toka chini ya meza. Tumekufa."

"Tumekufa?"

"Eeh. Lakini tunafufuka sasa hivi. Toka basi."

Nikatoka. Tukafufuka. Tukafa. Safari ya pili sikuingia chini ya meza, nilifumba macho tu. "Usifumbe, utapiga kuta," akaniambia. Safari ya tatu nikatetemeka lakini nikatazama. Mlio ulitoka pale kidole changu kilipobonyeza, si kabla. Kidole kikitulia, kimya. Sijui kama mnanielewa. Tangu siku ile ya benki, hiyo ilikuwa mara ya kwanza risasi kulia kwa sababu nimetaka mimi.

Mtu mmoja akachomoza dirishani kwenye ule mji. Nikamlaza.

"Aisee, mzee!" Bwana Mdogo akaruka. "Umemuona wapi?"

Nikatoa sauti ya ajabu kooni. Ilinichukua muda kujua kwamba nacheka. Na yeye akacheka, meno mekundu kwa damu ya bega langu, tukawa vichaa wawili kwenye kochi moja.

Kisha akaacha kutembea kwenye gemu. Akaniambia bila kunitazama.

"Baba, siku ile nilichomoa hedifoni makusudi."

"Siku ipi?"

"Siku ya mkono. Haikuchomoka yenyewe. Nilichomoa, nikaongeza sauti mpaka mwisho."

Nikaiachia rimoti. "Ulikuwa unajua milio ya bunduki inanifanya nini!"

"Ulikuwa hutoki. Nilikuita hukujibu. Niligonga hukujibu. Nilikuwekea chai mlangoni ikaota utando. Nikaona labda umekufa humo ndani. Nikasema, akisikia risasi, kama yupo hai atatoka."

"Nikatoka."

"Ukatoka."

Nilitaka kumshika, sikujua mahali pasipouma. Yeye akaendelea tu, maneno yalikuwa yamepata njia.

"Unalia, baba. Mchana, mama akiwa kazini, unalia kwa sauti. Mimi nikirudi shule nakusikia. Nilianza kuvaa hedifoni nisisikie. Ukilia, mimi naongeza sauti. Sasa hivi hata usipolia siwezi kuacha. Nikiacha, mwili mzima unawasha."

"Kwa nini hukumwambia mama yako?"

"Ningemwambia ungeondolewa. Na juzi ningesema ni wewe uliyenivunja, ningeondolewa mimi. Nani angebaki kukuamsha?"

"Mwanangu, ni kweli nilikuvunja. Nilidhani wewe ni jambazi. Nisamehe."

Nikayasema. Mwishowe nikayasema. Ila nilikosea siku.

Jumamosi kantini hufungwa mchana. Kila mtu nyumbani kwetu analijua hilo. Mimi tangu nianze kuishi chini ya shuka siku zote zilikuwa moja, nikasahau. Nilipogeuza kichwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sokoni. Alitazama pua yangu. Akatazama unyayo wa mtoto na midomo yake myekundu, na vigae vya sahani kule jikoni. Sikuhitaji kuuliza amesimama hapo tangu lini.

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini vizuri, vitunguu visimwagike. Akapita mbele yetu, akaling'oa lile dude na nyaya zake, akaliinua juu kwa mikono miwili na kulibwaga sakafuni. Likafunguka. Akalibwaga tena. Kisha akalikanyaga kwa kisigino, kisigino, kisigino, uso wake hauna kitu.

"Mama, usi..."

"Chukua begi. Tunaondoka."

"Siendi."

"Nimesema chukua begi!" Akamshika mkono wa kushoto, akamvuta.

Bwana Mdogo akageuka na mwili wake wote. Plasta ilipita hewani, ikamkuta mama yake mdomoni. Nilisikia. Mke wangu alirudi nyuma, kisigino kikateleza kwenye vipande vya lile dude, akaanguka na nyonga ikagonga ukingo wa meza. Akakaa sakafuni. Akaweka kiganja mdomoni, akakitoa kimejaa damu, na ndani ya damu kuna jino.

Alilitazama jino lile kwa muda. Najua alikuwa anamuona mama yake.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Ile mashine iliyomo ndani yangu haikuomba ruhusa. Nilikuwa nimemkaba mtoto shati la kifuani, mgongo wake ukutani, na mkono wangu wa kulia uko juu, umekunja ngumi. Sikumbuki kuupandisha.

"Mpige," akasema mke wangu kutoka chini. Maneno yalitoka mapana kwa sababu ya pengo. "Mpige basi Afande, nione ulivyofanya siku ile. Sikuwepo."

Bwana Mdogo hakuinua mkono kujikinga. Aliushusha. Alifumba macho, akasema haraka haraka, kama mtu anayewahi kabla mlango haujafungwa.

"Nipige tu, baba. Lakini usirudi chumbani. Nipige, ila baki huku."

Ngumi ikanifunguka. Nikamwachia shati. Akateleza ukutani mpaka chini, akabaki amechuchumaa, mita moja kutoka kwa mama yake, wote wawili wanavuja damu, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Palikuwa na mengi ya kufanya pale. Mwanamume mzima angepiga magoti. Angeleta maji, angetafuta kitambaa, angesema neno. Nayajua yote, nimeyafikiria kila siku tangu wakati ule. Lakini masikio yangu yalikuwa yanavuma, sebule ilikuwa imejaa damu ya watu ninaowapenda, na nyuma yangu kulikuwa na kiza, na pazia, na shuka. Miguu ikaanza kurudi kinyumenyume.

"Mume wangu," akasema mke wangu. Hakuniita Afande. "Nakuomba. Sikutishi, nakuomba. Ukiingia humo leo, ukitoka hutatukuta."

Mtoto akafumbua macho.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa cha chumbani.